Tuanze na nani atamlaza nani

Mhariri, wiki hii mmeuliza wananchi wa mijini washirikishweje katika kukabili mafuriko wakati ugonjwa wa mlipuko unakataza watu kukusanyika. Mimi ni mkazi wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, na kwa maoni yangu ushiriki huo uanze kwa kujua, kabla mvua haijanyesha, nani atamlaza nani, yaani nani atampokea nani nyumbani kwake maji yakija.

Huku kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Januari 2020 mafuriko yaliukumba Mkoa wa Lindi, hasa Wilaya ya Kilwa, yakaua watu wasiopungua 20 na kuwaacha maelfu bila makazi. Machi 16 mwaka huohuo mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa nchini, na siku iliyofuata Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye ni mtu wa Ruangwa mkoani humohumo Lindi, akatangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko. Maji yale yangechelewa miezi miwili tu, tungekuwa tunawasongamanisha waathirika madarasani wiki ileile ambayo wanafunzi walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kuhofia msongamano.

Kwa kawaida mtu wa mjini maji yakimwingilia hukimbilia kwanza kwa shemeji, kwa mwenyeji wa kijijini kwao au kwa jirani aliyejenga mwinukoni. Utaratibu huo upo, ila haujaandikwa popote. Mjumbe wa serikali ya mtaa (simsemi balozi wa nyumba kumi, kwa kuwa huyo ni wa chama) anaweza kupita na daftari lake, akasimama nje ya baraza bila kuingia ndani, akauliza: maji yakija mtakwenda kwa nani? Huko kuna vyumba vingapi na choo kimoja au viwili? Yupo mzee mwenye pumu au kisukari? Atakayejibu kwamba hana pa kwenda, na mara nyingi atakuwa mpangaji, ndiye atengewe darasa, nalo litapokea familia chache badala ya mtaa mzima. Nasisitiza wapangaji kwa sababu mikutano ya mtaa, hata wakati wa afya njema, huhudhuriwa zaidi na wenye nyumba, ilhali vyumba vya bondeni vimejaa wao.

Kuhusu mitaro sina mengi. Kila kundi la nyumba lipewe kipande chake cha kusafisha, kutoka karavati hadi karavati, familia zifanye kazi kwa siku tofauti, kila moja na chepe lake, na pawepo ndoo ya maji tiririka na sabuni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini chupa za maji zimeshika nafasi yake, na kuziokota kunawezekana bila mkutano wowote. Karavati lililo dogo kupita kiasi, hata hivyo, si kazi ya wananchi. Hilo ni la manispaa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na ugonjwa usitumiwe kuwabebesha wakazi mzigo huo.

Tena, milipuko haifanani. Kwa corona tunatenganisha watu. Kwa kipindupindu, ambacho hufuata vyoo vya shimo vinapofurika, kukaa mbalimbali hakusaidii sana kama maji ya kunywa yamechafuka. Kwa hiyo daftari la mjumbe lioneshe pia visima vilivyo karibu na vyoo, ili vidonge vya klorini vipelekwe huko kwanza.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya mtaa, hivyo hatuhitaji chombo kipya. Kamati ikabidhiwe daftari hilo na ilihuishe kila Oktoba, kwa kuwa wapangaji huhama na orodha ya mwaka jana haitatufaa.