Mstarini Mkanda Ndio Unaosema

Juma lililopita kijana mmoja wa Tanga aliniandikia: "Shikamoo Sensei. Nimepata ukumbi wa shule jioni mbili tu kwa wiki. Watoto wanataka karate, wakubwa nao wanataka. Nianze na nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Anza na wote.

Utabezwa, najua, maana mimi nilibezwa. Msaidizi wangu, niliyemlea tangu mkanda mweupe, aliondoka na karibu wakubwa wangu wote, na huko nyuma akaacha neno kwamba kwangu ni chekechea. Neno lile linanichoma hadi leo. Lakini kwenye mtihani wetu wa mikanda wa juzi, mama mmoja na mwanawe wa darasa la sita walisimama bega kwa bega wakacheza kata iitwayo Gekisai Dai Ichi, yaani mfuatano uliopangwa wa mapigo na kinga, wakafaulu wote wawili. Mama yule alianza kwa kumsindikiza mtoto, akakaa kwenye benchi na mkoba mapajani jioni baada ya jioni, mpaka siku moja akavua viatu akaingia. Darasa la wakubwa peke yao lisingempata kamwe.

Na kata yenyewe, Miyagi Chojun, mwanzilishi wa mtindo wa karate wa Goju-ryu, aliitunga mnamo 1940 makusudi ili mtindo huo uwafikie vijana na wanaoanza. Kabla yake mwalimu Itosu Anko alikwisha kuipeleka karate katika shule za Okinawa, kisiwa cha Japani, mwanzoni mwa karne ya 20, akatunga kata tano ziitwazo Pinan kwa ajili ya wanafunzi. Anayesema watoto wanaishusha hadhi karate hajui ilikopitia kabla ya kumfikia yeye.

Panga mstari kwa mkanda, usitazame umri. Hapa ndipo utakapopimwa. Baba mmoja mwenye cheo kikubwa kazini kwake aligoma kusimama nyuma ya binti wa miaka 11 mwenye mkanda wa kijani. Nikamwambia: mlangoni binti huyu atakuamkia shikamoo kama anavyopaswa, lakini mstarini mkanda ndio unaosema. Alinuna, akasimama. Baadaye nilimkuta amechutama pembeni akimuuliza binti huyohuyo namna ya kugeuka bila kuyumba, na binti anamwelekeza kwa adabu, "hapana baba, mguu wa nyuma kwanza." Yule mtoto alijifunza kata yake upya kwa kuifundisha, na mzee akajifunza kuuliza. Mwalimu anayetaka kulea watu, na si kukusanya ada tu, ataitafuta nafasi ya namna hii kila siku.

Mzazi na mwanawe usiwapange pamoja katika mazoezi ya wawiliwawili. Mzazi atageuka mwalimu na mtoto atabaki analia.

Kuamsha mwili, kihon (mbinu za msingi) na kata, fanyeni pamoja. Kumite, yaani kupambana wawiliwawili, watenganishe, na hapo sina mjadala. Mkubwa amshikie mtoto pedi, au arushe ngumi na kuisimamisha mbali na mwili. Kuizuia ngumi yake mwenyewe ni somo ambalo wanaume wengi wenye misuli hawajalipata. Watoto usiwapigishe pushapu kwa ngumi kwenye saruji, usiwapeleke kwenye makiwara (ubao wa kupigia ngumi), usiwapige mabega kwenye Sanchin, kata ya kukaza mwili, kama unavyowapima wakubwa. Mifupa yao bado inakua, na sehemu inayokulia ni laini. Badilisha zoezi mapema kabla hawajachoka kusimama.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote. Mlango wa ukumbi uwe wazi, mzazi aruhusiwe kutazama saa yoyote, na asiwepo mtu mzima atakayebaki peke yake na mtoto, hata wewe mwenyewe, hata kwa kumsubiri mzazi aliyechelewa. Waambie wakubwa siku ya kwanza, kabla hawajalipa. Atakayeona sharti hilo linamvunjia heshima, usimbembeleze abaki, hata akiwa na mkanda mweusi.