Kitonga sijaiona, nimeihesabu

Wiki hii mmeuliza: "Safari ndefu ya basi, wewe unaipitishaje?" Wengi watawajibu muziki, simu, usingizi. Mimi nafuma. Ila si kwa kuchoka kukaa. Nafuma kwa sababu naogopa kimo, na njia ya kwetu Njombe inapita Kitonga, ule mlima wa kona kali mkoani Iringa.

Anayeijua Kitonga hahitaji maelezo. Ukishaacha mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, barabara inaanza kupanda, kona juu ya kona, malori ya Tunduma yanakoroma mbele yenu, na upande mmoja ni korongo tupu. Hapo nainamia sindano. Na si sweta. Sweta mikono hujifumia yenyewe, macho yakazurura dirishani. Nafuma mtandio wa kimia, ule wa matundu matundu: unganisha vitanzi viwili, zungusha uzi, hesabu vinane, rudia. Ukiruka kimoja, ua zima linakwenda upande.

Mwaka juzi mwezi wa sita nilikuwa nampelekea shangazi mtandio wa namna hiyo, baridi ya Njombe mnaijua, nao nilikuwa bado naumalizia njiani. Katikati ya kona, lori la mbele likazima. Basi letu likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma taratibu. Konda kashuka, anagonga bodi: "Njoo! Njoo! Njoo!" Kina mama wa nyuma wanasali kwa sauti. Mimi niko kitanzi cha 46. Mzee niliyekaa naye, maskini, akadhani ananichangamsha: "Mwanangu, hebu ona lile gari kule chini, kama kiberiti." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, naomba usinisimulie." Shikamoo nilishampa tangu stendi ya Mbezi, hii ya pili aliitoa hofu. Hapo hapo donge la uzi likaniponyoka, likabiringika chini ya siti hadi kwa kina mama wa nyuma. Abiria wakalirudisha mkono kwa mkono, uzi umewapita miguuni. Mzee akalikunja upya polepole, akalishika mpaka Ilula, kimya. Pale akanunua nyanya dirishani, ndipo akaniuliza kama nimemaliza kuhesabu.

Nilikaa niandike kwamba kufuma ni dawa. Sasa naona aibu kidogo. Njia hii nimeipita miaka 11, na ukiniuliza Kitonga ikoje nitakutajia vitanzi. Wanangu hunionyesha picha kwenye simu, eti ni pazuri. Woga wenyewe uko palepale.

Basi jibu langu: laleni. Au kaeni upande wa mlima, dirisha la korongo mwachieni mwenye moyo. Anayetaka kufuma afume, lakini iwe skafu isiyo na hesabu, kwa sindano za mianzi, na awe si mtu wa kutapika kwenye kona.

Mtandio wa shangazi una tundu moja lisilo na mwenzake. Nilitaka kuufumua, akakataa. Anajifunika nao kanisani kila Jumapili, na tundu analiweka mbele.