Mwache acheze kando ya mwenzake

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kama mume wangu mdogo ana tatizo: ana miaka miwili na miezi miwili, na huko anakoshinda na watoto wengine anacheza akiwapa mgongo, anapokonya vitu, na juzi kamuuma mtoto wa watu. Unataka abaki nyumbani na dada wa kazi. Mama, usimtoe.

Miaka yote niliyofundisha chekechea, wa umri huo nimewaona hivyo hivyo. Chuoni tulifundishwa habari za Mildred Parten, mtafiti wa Marekani ambaye mwaka 1932 alieleza jinsi watoto wadogo wanavyocheza: peke yao, wakitazama wengine, kando ya wenzao, na baadaye ndipo pamoja nao. Hatua hiyo ya kucheza kando ya mwenzake ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Nawakumbuka wawili chini ya mwembe wa shule, kila mmoja na kifuu chake, migongo karibu kugusana. Muda mrefu hawakusemezana. Mmoja akakipindua kifuu, akakigonga kitako, kitumbua cha mchanga kikatoka. Wa pili akageuza shingo, akatazama, akarudi kwenye mchanga wake, akagonga vilevile. Wa kwanza akacheka. Akagonga tena, safari hii akimtazama mwenzake usoni, kisha akangoja. Alikuwa anampa zamu, na hakuna mtu mzima aliyemwambia. Dada wa kazi, hata awe mwema vipi, hawezi kumfundisha hilo, kwa sababu yeye humpisha kila mara. Mtoto mwenzie hampishi.

Kuuma kunatia aibu, najua, hasa mama wa mwenzie akikukazia macho. Lakini mtoto huyu anakitaka kitu kwa mwili mzima, na maneno yake bado ni ya kuhesabu. Akiuma, mbembeleze kwanza aliyeumwa, naye aone. Kisha chuchumaa, umwambie kwa ufupi: "Umemuuma, ameumia. Sema, naomba." Mwombe na mlezi wake afanye hivyo hivyo. Wakikushauri umuume naye aonje, kataa. Atajua tu kwamba hata wakubwa huuma.

Wala usimpokonye kitu umpe mwingine ili aonekane mkarimu. Mimi nilikufanyia hivyo. Nilikuwa nakunyang'anya mdoli nampa mtoto wa mama yako mdogo, nikiogopa watu watasema nimelea mchoyo. Ukaanza kuficha vitu vyako uvunguni, hata kijiko. Nilipokuacha umalize kwanza, ndipo ukawa unampelekea mwenyewe. Kule kukunyang'anya kunaniuma mpaka leo.

Kitakachonitia wasiwasi ni kingine: akiitwa jina asigeuke, asikutazame usoni, asikuoneshe kitu kwa kidole, au apoteze maneno aliyokuwa nayo. Hapo usiningoje mimi, mpeleke kliniki. Ila kwa ulivyonieleza, anawatazama wenzake, na jioni anakuigizia wanavyoruka. Basi anawafuatilia sana.

Jumamosi mwite yule mtoto wa jirani, mmoja tu, kwa saa moja. Kaa karibu, usiwaongoze. Mimi nakuja mwisho wa mwezi, na vifuu nimeshavisugua: viwili, vya ukubwa mmoja.

Mama yako