Gesi Haiishi, Huvuja: Maswali na Majibu ya Ufundi wa Viyoyozi na Majokofu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa vijana wanaotaka kuingia kwenye ufundi huu, na kwa wengine walioingia wakakuta kazi si kama walivyoidhania. Nianze na wa kwanza.

Shikamoo fundi. Shuleni fizikia ilinishinda. Nitaiweza kazi hii?

Marahaba, mwanangu. Fizikia utakayoihitaji haijazi hata daftari moja, ila hiyo kidogo uielewe kweli kweli. Kwanza, jokofu halitengenezi baridi. Linabeba joto lililo ndani na kulitupa nje, ndiyo maana ukigusa mgongo wa friji unakuta una joto. Pili, kimiminika kinapochemka hunyonya joto, na kiwango cha joto kinachokichemsha hutegemea presha. Kompresa hubana mvuke wa gesi, kondensa huupoza hadi ugeuke kimiminika, valvu au mrija mwembamba huishusha presha ghafla, na kimiminika hicho huchemka ndani ya koili ya ndani huku kikinyonya joto la chumba. Kisha mvuke hurudi kwenye kompresa.

Ukishalielewa hilo, geji, yaani vipimo vya presha, zinaanza kusema nawe. R-22, gesi ya mashine za zamani, ikichemka kwenye nyuzi 4 na ushei, geji huonyesha psi 68 hivi (psi ni kizio cha presha). R-410A, gesi iliyoifuata, kwa nyuzi hizo hizo, huonyesha psi 118 hivi. Asiyejua tofauti hiyo ataikuta mashine ya R-410A isiyo na hitilafu, adhani imejazwa kupita kiasi, na aanze kuitoa gesi isiyo na kosa. Hesabu yenyewe kwa sehemu kubwa ni kujumlisha na kutoa.

Mteja wangu huniita kila baada ya miezi mitatu nimwongezee gesi. Fundi aliyenitangulia alimwambia gesi huisha yenyewe. Nimjibu nini?

Mwambie kwamba gesi haichomwi ikaisha kama petroli. Mfumo umefungwa, na gesi iliyowekwa siku ya kwanza inatakiwa kuzunguka humo kwa maisha yote ya mashine. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Anayeongeza bila kutafuta uvujaji anamlipisha mteja huyo huyo mara nne kwa mwaka kwa ajili ya ugonjwa mmoja, na jambo hilo linaniuma kila nikilisikia, kwa sababu linawaharibia jina mafundi wote.

Anza kutafuta kwa macho. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo penye uvujaji mara nyingi utaona doa la mafuta lililoshika vumbi. Kisha paka povu la sabuni kwenye maungio, hasa kwenye nati za mabomba ya shaba yaliyochanuliwa midomo. Usipoona kitu, toa gesi kwa mashine ya kukusanyia, jaza naitrojeni kavu kwa presha inayoruhusiwa na mtengenezaji, na usubiri. Usitumie oksijeni hata siku moja. Oksijeni ikikutana na mafuta ndani ya mfumo wenye presha hulipuka.

Na kabla ya hayo yote, hakikisha kwamba gesi imepungua kweli. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi niliitwa kwenye kiyoyozi kilichoganda barafu. Geji ikasoma chini, nikaongeza gesi. Kumbe chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi, hewa haipiti kwenye koili, na presha ilishuka kwa sababu hiyo. Barafu ilipoyeyuka na chujio kusafishwa, gesi ikawa imezidi, kimiminika kikarudi kwenye kompresa, na baada ya siku chache kompresa ikafa. Mwenye nyumba alikuwa ameniamini. Tangu hapo sifungui nati ya geji kabla sijaangalia chujio, feni na koili.

Fundi ninayejifunza kwake hatumii pampu ya vakyumu, ile ya kuvuta hewa itoke kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi. Hufungua gesi kidogo isukume hewa itoke, basi. Je, inatosha?

Haitoshi, hata kama mashine itapoza siku hiyo. Huenda hewa kiasi ikatoka, lakini unyevu unabaki umeshika kwenye kuta za bomba na ndani ya mafuta. Unyevu huo huganda kwenye mrija mwembamba na kuuziba, na ukichanganyika na mafuta na joto la kompresa hutengeneza asidi inayokula nyaya za mota taratibu. Mafuta yanayotumika na R-410A hunyonya unyevu wa hewani upesi sana, kwa hiyo bomba lisiachwe wazi hata wakati wa chakula.

Pampu hufanya kazi ambayo gesi haiwezi. Presha ya kawaida ya hewa ni milimita 760 za zebaki. Ukiishusha hadi 24 hivi, maji yanachemka kwa nyuzi 25, joto la kawaida la chumba, na mvuke wake pampu inauvuta nje. Sisi hushuka zaidi, hadi mikroni 500, yaani nusu milimita. Ukifika hapo funga valvu, zima pampu, na utazame kipimo. Kikipanda kidogo kikatulia, bado kuna unyevu. Kikiendelea kupanda bila kukoma, kuna tundu. Kikikaa, jaza gesi.

Mwalimu wako mheshimu, lakini hili lifanye sawasawa utakaposimama mwenyewe. Vivyo hivyo kwenye kuchomelea mabomba: pitisha naitrojeni kidogo kidogo ndani ya bomba wakati unachoma. Bila hiyo shaba huota magamba meusi kwa ndani, ambayo yatabanduka na kwenda kuziba valvu.

Nilizima umeme kabisa, bado nikapigwa shoti nilipogusa kapasita, kile kifaa kinachosaidia mota kuanza. Imekuwaje?

Pole sana. Kapasita huhifadhi chaji hata baada ya swichi kuzimwa. Zima umeme, hakikisha kwa mita kwamba kweli umekatika, kisha toa chaji ya kapasita kwa kinzani (rezista) chenye vishikio vilivyofunikwa, na upime tena kabla ya kugusa. Usiipige shoti kwa bisibisi. Umeme ni nusu ya kazi hii. Mashine nyingi nilizoambiwa "hazina gesi" zilikuwa na kapasita iliyochoka: kompresa inanguruma lakini haianzi, au feni ya nje haizunguki mpaka isukumwe.

Nasikia gesi mpya zinawaka moto. Je, ni bora tubaki na R-22?

Haturudi huko. R-22 hula tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1987, ndiyo iliyoanza kuziondoa gesi za namna hiyo. Zilizofuata, kama R-410A, haziharibu ozoni lakini zinapasha dunia joto: kilo moja ikitoka hewani, kwa miaka 100 ni sawa na zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dioksidi. Nyongeza ya Kigali ya mwaka 2016 kwenye itifaki hiyo inazipunguza hizo pia. Ndiyo sababu unakutana na R-32, na propani iitwayo R-290, na isobutani iitwayo R-600a kwenye majokofu ya nyumbani.

R-32 inawaka kwa shida, R-290 na R-600a zinawaka kwa urahisi. Fungua madirisha, ondoa kila chenye cheche, na usichomelee bomba kabla gesi haijatolewa yote na naitrojeni kupitishwa. Pima kwa mizani, maana jokofu la R-600a huchukua gramu chache tu, na gramu 20 za ziada ni nyingi. Na usijaze propani kwenye mashine iliyotengenezwa kwa R-22. Swichi zake hazikutengenezwa kukaa karibu na gesi inayowaka.

Mimi ni msichana. Wananiambia kazi hii ni ya wanaume.

Kompresa nzito hubebwa na watu wawili, hata wakiwa wanaume. Kinachohitajika zaidi ni mkono uliotulia, pumzi ya kupanda ngazi, na uvumilivu wa kukaa darini kwenye joto kali. Njoo.

Nina pesa kidogo. Ninunue vifaa gani kwanza?

Mita nzuri yenye kishikio cha kupimia ampea, geji za gesi utakazokutana nazo, kipimajoto, mizani, pampu ya vakyumu. Miwani na glavu usiziache, maana R-22 huchemka kwa nyuzi 41 chini ya sifuri na tone lake jichoni ni jeraha. Mtungi wa naitrojeni unaweza kuazima mwanzoni. Na ununue daftari. Kila mashine uandike presha mbili, ya juu na ya chini, joto la hewa inayoingia na inayotoka, ampea za kompresa, na uzito wa gesi uliyoweka. Mteja akikuita tena, fungua ukurasa wake kabla ya kufungua mashine.