Maswali ya Jikoni: Chupa Kuukuu kwa Zawadi za Jamu na Achari

SWALI: Shikamoo Bibi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiweka akiba ya chupa za glasi zilizokuwa na jamu, mayonezi, achari na kahawa, na sasa kabati limejaa. Msimu huu wa maembe nakusudia kupika jamu na kutengeneza achari niwapelekee wakwe zangu na majirani, lakini mume wangu anasema nitawalisha watu sumu. Zaidi ya hayo, chupa zilizokuwa na achari zinanuka kitunguu saumu hata nikizisugua vipi, na gundi ya lebo haitoki. Je, chupa hizi zinafaa au nizitupe?
Msomaji wako, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Chupa zinafaa, vifuniko ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Glasi haifyonzi harufu wala mafuta, kwa hiyo ukinusa vizuri utagundua kwamba harufu hiyo ya kitunguu saumu inatoka kwenye kifuniko, katika ule utando laini kama mpira uliozungushwa ndani ya ukingo wake. Utando huo hunywa viungo, na hata ukiuanika juani hauachi kunuka. Kazi yake ni kuziba chupa: ukipata moto hulainika na kukumbatia mdomo wa chupa, na vinapopoa pamoja hushika, hewa isipate njia. Ukiutazama utando wa kifuniko cha zamani utaona mfereji mwembamba uliochimbwa na mdomo wa chupa yake ya kwanza. Mara ya pili huenda ukashika, na huenda usishike, wala kwa macho huwezi kujua.

Mfaransa Nicolas Appert, aliyetunukiwa faranga 12,000 na serikali yake mwaka 1810 kwa kuvumbua namna ya kuhifadhi chakula katika chupa za glasi, hakujua habari za vijidudu, lakini alijua kwamba chupa isiyozibwa sawasawa ni kazi bure. Nunua basi vifuniko vipya katika maduka ya vifungashio, ukiwa umebeba chupa zako mkononi uzijaribishe hapo hapo dukani, kwa sababu vipimo vya midomo hutofautiana kidogo sana na kidogo hicho kinatosha kuharibu kila kitu. Ukikosa vipya, tumia vya zamani visivyo na kutu wala harufu, lakini hesabu kwamba zawadi hiyo ni ya kuwekwa kwenye friji na kuliwa ndani ya wiki chache, na umwambie hivyo unayempa.

Kabla ya kuosha, zichague. Inua kila chupa kwenye mwanga utafute ufa, kisha pitisha ukucha juu ya mdomo wake wote. Ukikwama mahali, hata pembamba kama unywele, chupa hiyo igeuze chombo cha vifungo vya nguo. Chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya wadudu, hata kama ni miaka mingi iliyopita, isirudi jikoni kabisa. Chupa za kahawa nazo hujazwa zikiwa baridi kiwandani na kifuniko chake cha plastiki hakizibi hewa, kwa hiyo usizitie jamu ya moto. Zinafaa achari, ambayo chumvi na siki yake hula vifuniko vya bati. Gundi ya lebo ipake mafuta ya kupikia, uiache kama saa moja, kisha uisugue kwa sabuni na maji ya moto.

Siku ya kupika, tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, panga chupa, mimina maji yazifunike na uzichemshe kwa dakika 10 tangu maji yaanze kutokota. Zitoe kwa koleo uziweke juu ya ubao au taulo kavu, si juu ya saruji wala vigae, kwa maana glasi ya moto ikiguswa na baridi hupasuka. Jamu iingie ingali moto katika chupa iliyo moto, ubakize nafasi ya nusu sentimita juu, ufute mdomo kwa kitambaa safi, kwani tone moja la sukari linatosha kuzuia kifuniko kushika, na ufunge mara moja. Ikishapoa, bonyeza katikati ya kifuniko: kilichoshika hubonyea ndani na kutulia, kisichoshika hucheza na kulia "tak". Hiyo inayolia ni ya kwenu nyumbani.

Kuhusu sumu, mumeo hakukosea kabisa, ila hofu yake aielekeze kwenye achari. Jamu hulindwa na sukari nyingi pamoja na uchachu. Achari ya embe mbichi inayoelea ndani ya siki nayo haina neno. Hatari ipo katika vitunguu saumu au pilipili mbichi zilizozamishwa kwenye mafuta matupu na kuachwa kabatini, kwa sababu mle hakuna hewa wala uchachu, na hapo ndipo bakteria wa botulizimu, wale wanaotoa sumu kali, wanapostawi, bila kubadilisha harufu wala ladha. Siki itangulie, mafuta yafuate.

Andika tarehe na viungo kwenye karatasi ndogo, hasa karanga kama zimo. Kipande cha kitenge juu ya kifuniko kinapendeza, nami nakipenda kwa sababu kinaficha jina la kiwanda, lakini kifungwe chupa ikishapoa na kukauka kabisa, kwani unyevu chini ya kitambaa huleta kutu.

SWALI: Bibi, mimi hupika jamu ya nanasi kwa kutumia kipimajoto, nikingoja ifike nyuzi 105 kama mapishi yanavyoagiza, lakini kila mara hutoka ngumu na yenye ladha ya kuungua. Nakosea wapi?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Hukukosea; mapishi hayo yaliandikwa kwa watu wa pwani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Jamu huiva inapopita kiwango cha maji kutokota kwa nyuzi nne au tano, kwa hiyo yako iko tayari kwenye 98 au 99, na ukiisubiri ifike 105 unakuwa umekausha maji yote. Afadhali weka kisahani kwenye friji, udondoshee jamu kidogo, uisukume kwa kidole baada ya dakika moja, ikikunjamana, epua. Nanasi lina pektini kidogo, yaani kile kitu cha matunda kinachoigandisha jamu, basi ongeza maji ya ndimu mbili kwa kila kilo, au mapera machache yasiyoiva sana. Chupa zako, kwa sababu hiyo hiyo ya mwinuko, zichemshe kwa robo saa.