Maswali ya wasomaji: Je, viazisukari bado vinamlipa mkulima?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nilizaliwa Kidatu katika familia ya wakulima wa nje wa miwa, yaani wanaolima mashamba yao wenyewe na kukiuzia kiwanda, na sasa ninaishi kijijini karibu na Hildesheim, Ujerumani, ambako mume wangu anajiandaa kupokea mashamba ya baba yake. Baba mkwe amelima viazisukari, mizizi minene inayotengenezewa sukari kama miwa, maisha yake yote na anasema hakuna zao lililoilipa nyumba hii kuliko hilo. Mume wangu anataka kulipunguza na kuongeza ngano. Mwaka 2023 tulipata fedha nzuri, lakini bei ya mkataba mpya imeshuka sana. Nani kati yao anapiga hesabu sahihi?
Mama wa watoto wawili, Hildesheim

JIBU: Marahaba, binti yangu. Baba mkwe wako anasema kweli kuhusu miaka aliyolima yeye, na mume wako ana haki ya kuogopa miaka inayokuja, kwa sababu soko walilo nalo si moja. Mzee alilima chini ya mfumo wa mgawo ulioanzishwa Ulaya mwaka 1968, ambao uliweka kiasi cha sukari cha kila kiwanda na kumhakikishia mkulima bei ya chini kabisa. Hata baada ya mageuzi ya mwaka 2006 kuipunguza hatua kwa hatua, bei hiyo iliishia kwenye euro 26.29 kwa tani ya viazi, na hakuna kiwanda kilichoruhusiwa kulipa chini yake kwa viazi vilivyo ndani ya mgawo. Mwishoni mwa Septemba 2017 mgawo ulifutwa, na bei hiyo ikaondoka nao. Wakulima walipanua mashamba, sukari ikafurika, na bei ya sukari nyeupe katika Umoja wa Ulaya, iliyokuwa karibu euro 500 kwa tani mwaka 2017, ikaanguka hadi takriban euro 310 mwanzoni mwa 2019. Mwaka 2023 ilipanda hadi zaidi ya euro 800, kisha mwaka uliofuata ikaporomoka tena. Kwa hiyo fedha mliyoiona 2023 ilikuwa ya mwaka wa kipekee, na si vyema kuifanya kipimo cha miaka kumi ijayo.

Sasa tupige hesabu ya hekta moja. Tarakimu hizi ni za mfano tu, na wewe uweke za kwenu mahali pake. Tuseme mnavuna tani 75 na bei ni euro 30 kwa tani. Mnapokea euro 2,250. Mbegu zigharimu 280, dawa za magugu na magonjwa 380, mbolea 220, mwenye mashine ya kung'oa alipwe 290, na kazi nyingine za trekta 250. Jumla ni euro 1,420, zinabaki 830, na ikiwa kodi ya shamba ni 500, mkononi zimebaki 330 kabla hamjajilipa jasho lenu. Bei ikiwa euro 42, gharama zikibaki zilezile, kinachobaki ni 1,230. Lakini mavuno yakipungua hadi tani 60 katika mwaka wa bei ya euro 30, mnapata 1,800, na baada ya gharama na kodi mmepoteza euro 120. Tazama jinsi gharama zisivyopungua pamoja na mavuno: mbegu imeshapandwa, dawa imeshapigwa, na mashine hulipwa kwa hekta. Hapo ndipo hofu ya mume wako ilipo, na ni hofu ya kweli, kwani tangu dawa kuu tatu za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi zipigwe marufuku mashambani katika Umoja wa Ulaya mwaka 2018, vidukari wanaoeneza virusi vya umanjano, ugonjwa unaogeuza majani kuwa ya njano, wamekuwa vigumu kudhibiti. Wakulima wa Ufaransa walionja hasara yake mwaka 2020, mavuno yao yaliposhuka kwa karibu theluthi moja.

Jambo ambalo wewe, mtoto wa Kidatu, utalielewa haraka kuliko wengi ni kwamba kiwanda hakinunui uzito peke yake. Kama muwa unavyopimwa sukari iliyomo, ndivyo na kiazi. Bei ya mkataba wa Ulaya kwa kawaida imewekwa kwa kiazi chenye sukari asilimia 16, na kikizidi unaongezewa, kikipungua unakatwa. Tani 75 zenye asilimia 18 zina sukari tani 13.5, na zenye asilimia 16 zina tani 12. Mkulima anayemwaga naitrojeni nyingi ili viazi vinenepe hujiumiza mara mbili, kwa kuwa analipia mbolea, halafu sukari inapungua na uchafu unaozuia sukari isigande kuwa chembe unaongezeka. Udongo ulioganda kwenye viazi nao hupimwa na kutolewa katika uzito. Nisingesaini mkataba wowote kabla sijasoma vifungu hivi vyote, pamoja na kifungu kinachoeleza nani analipa usafirishaji.

Ushauri wangu ni kwamba msiache zao hili kabisa. Linaipumzisha ardhi dhidi ya magonjwa ya nafaka, na ngano inayolifuata mara nyingi hufanya vizuri, faida ambayo wengi husahau kuiandika upande wa viazi. Lirudisheni shamba lilelile baada ya miaka mitatu au minne, si mapema, kwa sababu ya minyoo ya mizizini. Lipimeni kwa wastani wa bei za miaka mitano au sita, na mpunguze kwanza yale mashamba ya kukodi yenye kodi kubwa. Baba mkwe atalikubali hilo kwa urahisi zaidi kuliko kuambiwa kwamba zama zake zimekwisha.

SWALI: Kuna mtu ananiuzia mbegu za viazisukari, akisema baridi ya Njombe inavifaa na kwamba nchi inahitaji sukari. Nipande?
Mkulima, Njombe

JIBU: Hapana, ndugu yangu, mpaka akuonyeshe kiwanda. Huko Misri viazisukari sasa vinatoa sukari nyingi kuliko miwa, na Moroko pia wanavilima sana, lakini nchi hizo zina viwanda vyenye mikataba na wakulima. Kiwanda cha miwa hakiwezi kukupokea, kwa maana muwa hukamuliwa kwa rola, wakati kiazi hukatwa vipande vyembamba na kulowekwa katika maji ya moto. Zaidi ya hapo, kiwanda cha miwa huchoma makapi yake kupata nishati. Machicha ya viazi yana maji mengi, hufaa kulishia ng'ombe, hivyo kiwanda cha viazi hulazimika kununua nishati. Kiazi kikishang'olewa huanza kupoteza sukari, nacho ni mzigo ambao robo tatu yake ni maji, kwa hiyo hakivumilii safari ndefu. Kama una ng'ombe wa maziwa, unaweza kujaribu kipande kidogo kwa ajili ya malisho. Ikiwa ni kwa ajili ya kuuza, muulize muuza mbegu jina la mnunuzi, bei iliyoandikwa, na umbali wa mzani kutoka shambani kwako.