Oili nimemwaga Jumamosi, stiki inanipa majibu matatu: nishike lipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Natumia Toyota IST ya cc 1500, injini ni 1NZ. Jumamosi nimemwaga oili na kubadilisha filta, fundi akamimina dumu lote la lita 4, nikachomoa stiki ya kupimia oili palepale kabla hata hatujawasha, oili ikawa imepita alama ya juu kama sentimita moja hivi. Nikalalamika akaniambia itashuka yenyewe. Asubuhi yake nyumbani nikachek tena kweli imeshuka ila bado iko juu ya alama kidogo. Sasa mchana nikaingia sheli kuweka mafuta, kijana wa pale akafungua boneti akachomoa stiki akanionyesha oili iko katikati, akasema imepungua nikanunua nusu lita, sijaimimina bado iko kwenye buti. Gari inakula oili siku moja tu baada ya sevisi? Niongeze au nipunguze?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo nusu lita ikae hukohuko kwenye buti, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kumimina maana hapo ungekuwa unaongezea injini ambayo tayari imezidi. Gari yako haili oili. Stiki haikudanganyi pia, shida ni kwamba umeiuliza mara tatu katika hali tatu tofauti, ikakujibu kila mara ilichokiona wakati ule.

Tuanze na ile ya gerejini. Filta mpya inakuja kavu, ndani ni karatasi na hewa tu. 1NZ ukimwaga oili na kubadilisha filta inataka lita 3.7, usipobadilisha filta inataka 3.4, kwahiyo hiyo tofauti ya 0.3 ndio inaishi ndani ya filta. Sasa nyie mmemimina lita 4 na hamjawasha, oili yote imelala kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, filta haijapata hata tone. Hapo stiki lazima isome juu sana, umezidisha na bado kuna oili ya filta haijaenda kwake. Mkiwasha ile dakika ya kwanza pampu inavuta inajaza filta na njia zote za juu, ukizima ukasubiri unakuta imeshuka. Kwahiyo fundi wako kusema itashuka hajakudanganya, ila hajamaliza maneno: itashuka hiyo 0.3 ya filta, ile 0.3 nyingine ambayo ni dumu kuzidi mahitaji ya injini haina pa kwenda.

Na hili la dumu niliseme wazi maana ndio chanzo cha kesi nyingi ninazoletewa. Oili madukani inauzwa dumu la lita 4, gari ndogo nyingi tunazoendesha zinataka pungufu ya hapo, fundi anaona robo iliyobaki itapotea au mteja atasema ameibiwa, basi anageuza dumu mpaka mwisho. Wateja nao wanachangia, kuna mzee mmoja nilimbakizia oili kidogo kwenye dumu nikampa aondoke nayo akaniuliza mbona hujaimaliza, mimi si nimelipia yote? Nikamwambia mzee wangu ukinunua sukari kilo huiweki yote kwenye kikombe kimoja. Akacheka, akalichukua dumu lake.

Ile ya asubuhi nyumbani ndio ya kuaminika zaidi katika zako tatu. Injini imelala usiku kucha, oili yote imeshuka, filta imeshiba. Swali langu ni gari imelala wapi, kama uwanja wako una mwinamo basi nayo ina walakini, pua ikiwa chini oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na stiki iko upande mmoja tu, inasoma kile kilichopo pale ilipo. Mimi nimeshaona gari ileile, hatujagusa kitu, inasoma full ukiielekeza huku na ukiigeuza inasoma nusu. Kama huna uhakika na sakafu yako laza chupa ya maji tupu chini, ikibingirika hapo sio tambarare.

Ya sheli sasa. Umetoka barabarani, umezima, dakika haijaisha kijana ameshachomoa. Oili wakati huo bado iko kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini kule juu, kwenye mnyororo, kwenye njia zote za juu, inateremka taratibu kama uji. Unachopima pale ni oili iliyobaki chini, sio oili yote uliyonayo. Halafu sheli nyingi pale kwenye pampu panaonekana tambarare kwa macho ila pamejengwa na mwinamo ili maji ya mvua yatoke. Sisemi yule kijana ana nia mbaya, lakini kila gari inayoingia pale ikipimwa hivyo itaonekana imepungua, na oili anayo hapohapo kwenye shelfu.

Kingine, kuna stiki mbili kwenye gari nyingi za otomatiki na watu wanazichanganya. Ile yenye maandishi HOT na COOL ni ya gia boksi, hiyo inapimwa injini ikiwa inaunguruma. Ya injini inapimwa imezima. Nimewahi kuletewa gari mtu ameongeza oili ya injini kwenye gia boksi kwa kuchanganya stiki, hiyo ni stori ya siku nyingine na bei yake pia ni ya siku nyingine.

Mimi navyofanya gereji kwangu ni hivi. Injini ninaiwasha kwanza ipate joto kidogo, oili ya moto inatoka vizuri na uchafu wake, alafu namwaga gari ikiwa imekaa sawa, sio imenyanyuliwa jeki upande mmoja, maana ikiwa imeinama kuna oili chafu inabaki kwenye kona ya sampu alafu ukija kumimina ile sahihi ya kwenye kitabu inazidi na hujui imetoka wapi. Naiacha ichuruzike mpaka iwe tone moja moja. Kwa 1NZ nikishafunga nati na filta namimina lita 3 na robo, sio 3.7, najua nitaongeza. Nachomoa stiki kuona tu kwamba kuna kitu, sisomi. Nawasha, naiacha silensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, dakika mbili tatu, naangalia chini kama kuna mvujo, nazima, naenda kunywa chai. Watu wanaona kama mzaha lakini ile chai ndio kipimo chenyewe, vitabu vya Toyota vinasema usubiri dakika tano au zaidi baada ya kuzima, mimi nasubiri kumi, na kama mteja amekuja na 20W-50 nzito nampa kumi na tano maana hiyo inateremka kivivu.

Kisha stiki. Chomoa, ifute kavu kabisa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka ikae mwisho wake, watu wengi hawaisukumi mpaka mwisho, chomoa tena, usiinue juu kama bendera, ishike imelala. Mara ya kwanza usiisome kabisa, ile ni ya kufuta tu. Geuza uone pande zote mbili, mara nyingi upande mmoja una mchirizi mrefu umepanda juu, hiyo ni oili ya kwenye kuta za bomba la stiki imejipaka wakati inapita. Chukua ule upande uliosoma chini, na usome pale oili ilipojaa upana wote wa stiki bila kukatika. Tatizo la oili mpya ni kwamba ni safi kama asali nyepesi na chuma kinang'aa, huoni mwisho wake uko wapi. Laza ncha ya stiki kwenye kipande cha tishu nyeupe sekunde moja, ukinyanyua alama ya unyevu inakuonyesha. Mimi ya gari yangu nimeikwaruza msasa kidogo pale kati ya alama mbili, sasa oili inaonekana hata jioni.

Alama zenyewe, nyingine zimeandikwa F ya juu na L ya chini, nyingine ni vitobo au vidoti tu. Ukiwa popote kati ya hizo uko salama, sio lazima ubusu ile ya juu. Kwa gari ndogo nyingi kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja mpaka moja na nusu, kwahiyo ukiongeza ongeza kidogo kidogo, kikombe cha chai kisha subiri, sio kumwaga kwa makadirio ya jicho.

Sasa wewe ufanyeje. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali tambarare, pima kwa utaratibu huo mara mbili. Kwa hesabu yangu utakuta umezidi kama 0.3. Kuna mafundi watakuambia hiyo ni kidogo achana nayo, na kweli injini haitakufa wiki hii, ila mimi ningeitoa. Oili ikizidi sana krenki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inaanza kuipiga kama mtu anapiga mayai, inafanya povu, na pampu ikivuta povu inapeleka hewa mahali palipotakiwa oili. Nyingine inapitia bomba la kupumulia inaingia kwenye hewa ya injini inaungua, unaona moshi wa bluu unadhani ringi za pistoni zimeisha kumbe ni dumu lilimalizwa.

Kuitoa sio kazi kubwa wala usifungue nati ya sampu, ukifungua itakuwahi nyingi na mkono utaungua kama ni ya moto. Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano kubwa la mililita (mil) 60 na mpira wa dripu. Injini iwe na uvuguvugu, chomoa stiki, ingiza mpira kwenye tundu la stiki taratibu mpaka uguse chini, vuta. Oili ni nzito itakuja kivivu na mkono utauma. Mara tano ni mil 300, weka kwenye chupa safi yenye mfuniko. Ukimaliza hesabu mpira wako umetoka wote, usije ukaacha kipande ndani.

Kama asubuhi utakuta imeshuka chini ya ile ya jana asubuhi, hapo ndio tuanze kuangalia mvujo. Angalia nati ya sampu kama washa yake, kile kiduara kinachobanwa chini ya nati, ni ileile ya zamani iliyobanwa mara kumi. Angalia filta, kuna kosa moja la kawaida sana: ukifungua filta ya zamani mpira wake unaweza kubaki umeng'ang'ania kwenye injini, fundi asipoangalia anafunga mpya juu yake, mipira miwili, siku ya kwanza inashika siku ya tatu oili yote iko barabarani. Na usisubiri taa nyekundu ya dashibodi ikuambie, kwa IST yako ile inaangalia presha sio kiwango, mpaka iwake pampu imeshaanza kuvuta hewa.

Ukishaipata sawa andika kilomita zako, alafu uwe unapima kila baada ya wiki mbili, asubuhi, mahali palepale, gari imeelekea upande uleule. Hiyo nusu lita ya sheli angalia namba yake kwenye lebo, kama ni aina ileile uliyoweka itakufaa huko mbele, na kama sio rudi nayo wakubadilishie kabla risiti haijafutika.